Mawe ya nyongo na vidonge vya kolesteroli: kipi nimeze, kipi niache?

Swali: Habari za kazi daktari. Mimi ni mama wa miaka 53, niko Tanga, nina kisukari huu mwaka wa sita na natumia metformini. Mwezi uliopita nilipima mafuta kwenye damu: kolesteroli yote 6.4, LDL (ile wanayoiita mbaya) 4.1, HDL (ile nzuri) 1.0, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.9. Nikaandikiwa atorvastatini miligramu 20. Wiki mbili baadaye nikapiga altrasaundi kwa ajili ya vidonda vya tumbo (mara mbili mwaka huu vimenikamata usiku, mara ya pili ni baada ya pilau ya harusi, nikatapika hadi alfajiri), wakakuta mawe mawili kwenye mfuko wa nyongo, kubwa ni la milimita 11. Nilipopeleka majibu kliniki nyingine nikaongezewa fenofibrati miligramu 160 ili, kwa maneno yao, mafuta yashuke haraka na mawe yayeyuke. Binamu yangu anasema dawa za kolesteroli ndizo zinazoleta mawe, niziache zote ninywe mafuta ya zeituni na ndimu. Shemeji naye anasema nikatolewe mfuko wa nyongo, kolesteroli itashuka yenyewe. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, nikupe kwanza la kufanya, maelezo yafuate. Atorvastatini endelea nayo. Fenofibrati usimeze kidonge kingine mpaka uongee na daktari anayekufuatilia. Kuisimamisha ghafla hakuna dhara. Mafuta ya zeituni yatie kwenye kachumbari. Na huo mfuko wa nyongo huenda ukatolewa kweli, ila si kwa sababu aliyokupa shemeji.

Binamu yako na ile kliniki ya pili wanapingana, lakini kosa lao ni moja. Wote wameichukua kolesteroli ya kwenye damu na ile ya kwenye nyongo wakazifanya kitu kimoja. Siwashangai, maana jina lenyewe linapoteza watu. Kolesteroli, au lehemu kama wengine tunavyoiita, haikupatikana mara ya kwanza kwenye damu wala kwenye mishipa ya moyo. Ilipatikana ndani ya mawe ya nyongo, huko Ufaransa katika karne ya 18, na mwaka 1815 mkemia Michel Eugène Chevreul akaibatiza jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyongo. Habari za moyo na kiharusi zilikuja baadaye sana. Basi mtu akiambiwa asubuhi kuwa kolesteroli yake iko juu, jioni akaambiwa ana mawe ya nyongo, anaona ni habari ile ile imerudiwa.

Lichukulie ini kama nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa uani. Kolesteroli inayotengenezwa humo ndani, na ile inayookotwa kutoka kwenye damu na chakula, ina njia hizo mbili za kutokea. Kwa mlango wa mbele inaingia kwenye damu, imefungwa katika vifurushi ambavyo vikishazunguka mwilini ndivyo maabara inavyovihesabu kama LDL. Kwa mlango wa uani inamwagwa kwenye nyongo. Na huko uani ndiko inakopatia njia ya kutoka mwilini, kwa sababu mwili wa binadamu hauwezi kuiunguza kolesteroli kama unavyounguza sukari au mafuta ya kula. Inatoka kama ilivyo, au inageuzwa kwanza kuwa chumvi za nyongo. Karatasi uliyopewa maabara inahesabu wanaopita mlango wa mbele. Ya uani haiyaoni.

Huko uani sasa. Nyongo kwa sehemu kubwa ni maji, na kolesteroli na maji haziivi chungu kimoja. Umeshaosha karai la maandazi kwa maji matupu ukaona mafuta yanavyogoma. Sabuni ya nyongo ni zile chumvi zake pamoja na lesithini. Sabuni ikitosha, kolesteroli inaelea salama mpaka kwenye utumbo. Kolesteroli ikizidi sabuni, inafanya kama sukari kwenye kikombe cha mtu asiyejua kiasi: hata ukoroge vipi, nyingine inatuama chini. Halafu kuna mfuko wenyewe, kitu kidogo tu cha kubeba mililita 30 hadi 50, ambao kazi yake ni kuhifadhi nyongo na kujikamua unapokula. Mfuko ukiwa mvivu (ujauzito unaufanya hivyo, kisukari cha muda mrefu pia, na kushinda na njaa), nyongo inakaa mle siku nzima, ute unashika zile chembe zilizotuama, na chembe zinakua.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, wodi ya upasuaji, nilipewa kazi ndogo ya kuosha mawe yaliyotolewa ili mwenyewe akizinduka aonyeshwe. Ya mama mmoja wa makamo, mwenye mwili, yalikuwa ya njano iliyopauka, yanateleza kama kipande cha sabuni ya mche kilicholoa. Daktari bingwa alilipasua moja kwa kisu mbele yetu. Ndani kulikuwa na mistari inayong'aa ikitokea katikati kwenda pembeni, kama ndimu iliyokatwa mapande mawili. Wiki hiyo hiyo alifanyiwa upasuaji kijana mwenye selimundu, na mawe yake yalikuwa meusi, madogo, yana kona, ukiyabana yanavunjika kama makaa. Hayo ya kijana yametokana na rangi ya damu, kwa sababu chembe zake nyekundu zinavunjika kila siku kuliko za watu wengine. Kolesteroli ndani yake ni kidogo mno. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wengine: ukiwa na selimundu na mawe ya nyongo, mjadala huu wote wa vidonge vya mafuta haukuhusu. Kwako wewe, kwa umri, kisukari na karatasi yako, naweka dau langu kwenye mawe ya njano.

Bado utaniuliza: kama mawe yangu ni ya kolesteroli, si lazima yawe yametoka kwenye hiyo 4.1? Hapana. Watu wa kabila la Pima, huko Arizona nchini Marekani, ni miongoni mwa watu wenye mawe mengi ya nyongo duniani, wanawake wao hasa, na kolesteroli yao ya damu imeonekana mara nyingi kuwa chini kuliko ya Wamarekani weupe. Na mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa tofauti ndogo katika jeni iitwayo ABCG8 inaongeza mawe. Jeni hiyo inatengeneza sehemu ya pampu inayosukuma kolesteroli kutoka ini kwenda kwenye nyongo. Wenye tofauti hiyo mlango wao wa uani umeachwa wazi mno: mawe yanaongezeka, na damu yao, ukiipima, mara nyingi ina kolesteroli pungufu kidogo. Mtu wa namna hiyo anaweza kusifiwa maabara huku mfuko wake unajaa kokoto.

Kwenye karatasi yako, namba zinazozungumza na mawe ni zile mbili ambazo hakuna aliyezitilia maanani: HDL ya 1.0 iliyo chini na trigliseridi ya 2.9 iliyo juu. Hizo mbili zikija pamoja na kisukari na kitambi, mara nyingi insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na ini linasukuma kolesteroli nyingi uani. Ile 4.1 iliyowashtua watu ni habari ya moyo na ubongo. Ni kubwa, tutaishughulikia, lakini isipewe kesi ya mawe.

Twende kwenye vidonge. Statini, ambayo atorvastatini ni mmoja wa ukoo wake, inafanya kazi jikoni kabisa: inazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia hatua za mwanzo za kutengeneza kolesteroli. Jiko likipika kidogo, mlango wa mbele unapitisha kidogo, na ini linaanza kuokota LDL kutoka kwenye damu kuziba pengo. Huko uani hakuna ziada inayomwagwa; tafiti kadhaa zimeona hata inapungua. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa madaktari wa familia Uingereza. Waliotumia statini kwa muda mrefu, yaani walioandikiwa mara 20 na zaidi, walikuwa na uwezekano mdogo wa kutolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe, pungufu kwa kama theluthi moja, ukilinganisha na wasiotumia. Naongeza neno la tahadhari: huko ni kusoma mafaili, watu hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo simwandikii mtu statini ili azuie mawe. Ila kwa aliyeambiwa kwamba statini inaleta mawe, ushahidi tulio nao unaelekea upande mwingine kabisa.

Na haiyeyushi. Jiwe lako la milimita 11 litabaki la milimita 11 hata umeze atorvastatini hadi uzeeni. Unaimeza kwa sababu una miaka 53 na kisukari, na mtu wa namna hiyo anafaidika na statini hata LDL yake ingekuwa nzuri kuliko hiyo. Kwa miligramu 20, LDL hushuka kwa kama asilimia 40. Yako ya 4.1 natarajia ikaribie 2.5. Imeze saa yoyote unayoikumbuka, ndugu yake simvastatini ndiyo yenye masharti ya usiku. Kama unatumia dawa nyingine yoyote ya kila siku, za ARV zikiwemo, mwambie mfamasia azione pamoja, maana baadhi zinapandisha statini kwenye damu hadi misuli ikaumia.

Hapa kwenye fenofibrati ndipo binamu yako ana haki yake. Ukoo huu wa fibrati unashusha trigliseridi vizuri, lakini namna unavyofanya kazi ni ya kumkosesha usingizi mwenye mawe: unaongeza kolesteroli inayotoka kwenda kwenye nyongo na hapo hapo unapunguza utengenezaji wa chumvi za nyongo. Taka zinaongezwa uani, sabuni inapunguzwa. Hilo halikubaki nadharia. Fibrati ya kwanza kutumika sana, klofibrati, ilijaribiwa katika utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani kwa wanaume zaidi ya 15,000 wa Edinburgh, Budapest na Prague. Matokeo yalipotoka mwaka 1978, waliomeza klofibrati walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo mara nyingi kuliko wenzao, na vifo vyao kwa jumla vilikuwa vingi zaidi. Dawa ile ikapoteza soko. Fenofibrati ni mdogo wake mwenye tabia nzuri zaidi, lakini kwa habari ya nyongo damu ni moja.

Fanya hivi ukiwa nyumbani. Fungua boksi la fenofibrati, toa ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi hata inachanika ukiikunjua, utafute sehemu inayotaja wasiopaswa kutumia dawa. Utakuta wenye ugonjwa wa ini, wenye figo zilizochoka sana, na wenye ugonjwa wa mfuko wa nyongo. Imeandikwa hapo kwa herufi za kusomwa na miwani. Aliyekuandikia akiwa na majibu ya altrasaundi mkononi, eti mawe yayeyuke, alikupa dawa inayoyalisha. Sisemi kwa ubaya. Neno "mafuta" ndilo linalotuponza: mgonjwa ana mafuta, mawe ni ya mafuta, dawa ni ya mafuta, basi.

Na hata kama usingekuwa na mawe, bado ningeuliza hiyo dawa inakuja kukusaidia nini. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti uitwao PROMINENT, uliochukua watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, trigliseridi ya juu na HDL ya chini, yaani watu wenye karatasi inayofanana na yako. Nusu walipewa fibrati mpya, pemafibrati. Trigliseridi zilishuka kwa kama robo, namba zikapendeza, lakini mashambulizi ya moyo na viharusi havikupungua. Fibrati ina mahali pake pale trigliseridi zinapovuka 10, maana damu ya namna hiyo inaweza kuchoma kongosho. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa na mawe juu yake, hapo daktari anakuna kichwa kweli, kwa kuwa mawe nayo yanachoma kongosho. Wewe uko 2.9, haujafika huko.

Tena hiyo 2.9 yenyewe nataka niihoji. Ulipima asubuhi hujala? Kama ulipitia chai na vitumbua kwanza, basi namba imetiwa chumvi kidogo, kwa sababu trigliseridi hupanda baada ya mlo. Na kama sukari yako ya miezi mitatu haijakaa sawa, itunze hiyo kwanza. Kwa mwenye kisukari, trigliseridi hufuata sukari kama mkia. Soda, juisi za dukani, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, sahani ya wali inayofunika uso: hizo zinazipandisha kuliko watu wanavyodhani, na wengi huishia kuilaumu nazi.

Kuna dawa ya tatu ambayo huenda ukaongezewa baadaye LDL isiposhuka vya kutosha, ezetimibi, inayozuia utumbo kufyonza kolesteroli. Ikiongezwa juu ya statini, mawe hayaizuii. Isipokuwa ikichanganywa na fenofibrati, hapo onyo la nyongo linarudi.

Sasa mafuta ya zeituni na ndimu. Najua yanavyofanyika: unafunga na juisi, usiku unakunywa mafuta kwa glasi pamoja na maji ya ndimu, asubuhi chooni unaona vidonge vya kijani vinaelea, unapiga picha unaituma kwenye kundi la familia. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walivichunguza vidonge vya namna hiyo vya mgonjwa wao. Havikuwa na kolesteroli, wala bilirubini (ile rangi ya nyongo), wala kalsiamu. Walipoviweka kwenye joto la nyuzi 40 viliyeyuka ndani ya dakika 10 vikawa mafuta ya kijani. Ilikuwa sabuni iliyopikwa tumboni kutokana na mafuta yale yale aliyokunywa. Mawe yake halisi yalikuwa bado yamekaa mfukoni.  Na dozi kubwa ya mafuta kwa mkupuo inaukamua mfuko kwa nguvu, jiwe dogo linaweza kusukumwa likakwama kwenye mrija, ukaamkia mapokezi.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiweka kwenye mabano, kwa sababu kwangu ndiyo nzito kuliko nyingine zote ulizoandika. Huku kwetu kila maumivu ya chembe ya moyo yanaitwa vidonda vya tumbo, mtu anakunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miaka na miaka. Maumivu yaliyokukamata usiku baada ya pilau, ukatapika hadi alfajiri, jaribu kuyakumbuka. Yalianza kwenye chembe au chini ya mbavu za kulia? Yalipanda yakafika mahali yakakaa hapo hapo bila kulegea, kwa nusu saa au masaa? Yalichoma mgongoni, kwenye kombe la bega la kulia? Ulipotapika ulipata nafuu au hukupata? Kama majibu ni ndiyo, ndiyo, ndiyo na sikupata, basi hivyo si vidonda. Ni jiwe linaloziba shingo ya mfuko kisha linarudi ndani.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Watu wengi wenye mawe, kama wanane katika kumi, hawapati kusumbuliwa nayo maisha yao yote, na hao tunawaacha. Ila mawe yaliyokwisha kuuma huwa yanarudia, na yanaweza kuleta uvimbe wa mfuko, kuziba mrija, au kuchoma kongosho. Kwa mwenye kisukari, mfuko ukiingia usaha mambo yanakwenda haraka. Kwa hiyo omba rufaa ya kumwona daktari wa upasuaji. Upasuaji huu si mgeni, wa kwanza ulifanywa Berlin mwaka 1882, na siku hizi Muhimbili na kwenye hospitali nyingine kubwa unafanywa kwa matundu madogo manne. Peleka karatasi yote ya altrasaundi, si ule mstari wa mwisho peke yake. Atatafuta kama wameandika kuwa mawe yanasogea ukigeuka na yana kivuli nyuma yake. Mwambie pia kama ulilazwa karibuni ukachomwa seftriaksoni, sindano ya antibiotiki inayotolewa siku hizi kama karanga. Inaweza kuacha mchanga kwenye mfuko unaofanana na mawe kwenye picha, kisha unatoweka wenyewe wiki chache baadaye.

Shemeji yako anadhani mfuko ndio kiwanda. Mfuko ni tangi tu. Ukitolewa, ini linaendelea kupika na kumwaga kama kawaida, nyongo inadondoka utumboni moja kwa moja kidogo kidogo, na LDL yako itabaki pale pale. Statini hutaiacha kabla ya upasuaji wala baada yake. Habari ya metformini siku ya upasuaji muulize daktari wa usingizi. Baadhi ya watu wakishatolewa mfuko hupata kuharisha kwa sababu ya chumvi za nyongo kufika chini ya utumbo kwa wingi, na dawa inayowatuliza ni kolestiramini, ambayo ilianza maisha yake kama dawa ya kolesteroli. Ikifikia huko, kumbusha kuwa trigliseridi zako ziko juu, maana inazipandisha.

Dawa ya kuyeyusha mawe ipo kweli, inaitwa asidi ya ursodeoksikoli. Inataka mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na chokaa, mfuko unaofanya kazi, na uvumilivu wa miezi sita hadi miaka miwili ya kumeza kila siku. Jiwe la milimita 11 liko nje ya saizi inayoipenda. Na hata yakiyeyuka, kwa kama nusu ya watu yanarudi ndani ya miaka mitano, kwa kuwa tangi ni lile lile na uani ni ule ule. Mgonjwa asiyeweza kabisa kupasuliwa ningemjaribishia. Wewe sioni sababu.

Kuhusu kupunguza mwili, hukuuliza lakini najua kuna atakayekuambia. Punguza, taratibu. Anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anatengeneza mawe akiwa anashangiliwa na mizani: mafuta ya mwilini yanavunjwa, kolesteroli inamwagwa uani, na mfuko haukamuliwi kwa sababu hali chakula. Zile sindano za kupunguza uzito, semaglutidi na ndugu zake, nazo zinaongeza matatizo ya mfuko wa nyongo. Usichomwe na mtu asiyejua kuwa una mawe. Na usiruke kifungua kinywa, kula mapema asubuhi kunaukamua mfuko baada ya usiku mzima wa kutuama.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama chokaa, au homa ya kutetemeka ikiambatana na maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ikitokea hivyo wakakupima mafuta ukiwa kitandani, usiyaamini majibu. Nyongo ikizibwa, kolesteroli inarudi kwenye damu na namba inaruka juu ajabu, statini haiishushi, inashuka mrija ukizibuliwa. Na mfuko ukiwa umevimba kwa maambukizi inakuwa kinyume, LDL inaporomoka kwa sababu ya ugonjwa, mtu anadhani amepona kolesteroli.

Pima tena ukiwa mzima, wiki nane hivi tangu ulipoanza atorvastatini, asubuhi kabla ya chai, na uombe waongeze kipimo cha ini na sukari ya miezi mitatu kwa sindano hiyo hiyo. Majibu yakitoka, tazama LDL kwanza. Ikiwa bado imezidi 2.6, atorvastatini itapandishwa hadi 40. Trigliseridi zikiwa bado 2.9, mtaongea habari za wali.